Silki Akianza Kuatamia, Amua Mapema

Watu wengi humnunua kuku wa silki kwa sura yake. Manyoya yake ni teketeke, kichwani ana kishungi kinachokaribia kumfunika macho, ngozi yake ni nyeusi hadi mifupani, na kila mguu una vidole 5 badala ya 4 vya kuku wa kawaida. Lakini kwa mfugaji wa Kongowea, Mombasa, mwenye ua mdogo na kibanda kimoja, faida kubwa ya silki iko kwenye tabia ambayo wengi huiona kero: anapenda mno kuatamia. Hutaga mayai machache, akaketi, na ukimwondolea ataatamia hata sakafu tupu.

Asili yake ni Uchina. Msafiri Marco Polo, katika karne ya 13, alisimulia habari za kuku weusi wa huko wenye nywele. Hizo anazoziita nywele ni manyoya yaliyokosa vile vikulabu vidogo vinavyoshikamanisha unyoya wa kawaida ukawa bapa. Kwa kukosa vikulabu hivyo, silki haruki na hawezi kuzuia maji ya mvua yasimfikie mwilini. Ni mdogo, uzito wake hucheza kwenye kilo moja, na kwa mwaka hutaga mayai madogo kiasi cha 100 tu. Anayetafuta mayai ya kuuza sokoni hajafika kwa silki.

Anayetaka vifaranga, huyo amefika. Mashine ya kutotoa inadai stima usiku na mchana kwa siku 21, na stima ikipotea kwa muda mrefu mayai huharibika. Mtetea wa kienyeji naye hutotoa vizuri, ila akishaatamia na kulea, miezi inapita bila yai. Kuku wa kisasa wa mayai wengi hawaatamii kabisa, kwa sababu wazalishaji waliiondoa tabia hiyo kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo silki anapoingia: mtetea wa kienyeji atage, silki akae juu ya mayai.

Kosa linaloharibu mpango huu ni kumwacha silki aatamie bila kuamua. Kuku anapoketi, homoni iitwayo prolaktini hupanda mwilini mwake. Mayai yanapogusa ngozi tupu ya tumbo lake, homoni hiyo huendelea kubaki juu, kifuko cha mayai husinyaa, hamu ya kula hupungua, naye hukonda. Vifaranga wakitoka, hali hubadilika. Wasipotoka, anaweza kuendelea kukaa wiki baada ya wiki hadi kidari kibaki mfupa mtupu. Kwa hiyo ukiona dalili una njia mbili tu: mpe mayai yenye mbegu, au mwachishe.

Dalili ni hizi: halali tena na wenzake juu ya kitulio, hujivimbisha unapomkaribia, hutoa sauti nzito ya mkato, hujing’oa manyoya ya tumboni, na hutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali mara moja kwa siku. Mpime kwa mayai mawili ya dukani yasiyo na mbegu. Akiyakalia usiku mbili bila kuhama, basi ameamua, na sasa ni zamu yako.

Ukichagua kumpa mayai, joto la Pwani lazima lihesabiwe. Mbegu ya yai huanza kukua polepole joto likizidi nyuzi 21 hivi, na wakati wa kaskazi mchana wa Mombasa unapita nyuzi 30. Yai lililoachwa kwenye kibanda cha mabati huanza kukua mapema, na mbegu hudhoofika kabla kuku hajalikalia. Okota mayai asubuhi na mchana. Yaweke ndani, mahali penye kivuli na upepo, ncha nyembamba ikiangalia chini, na uandike tarehe kwa penseli. Usizidishe siku 5. Friji ya nyumbani haifai, kwani ni baridi mno. Chagua mayai safi yasiyo na ufa, kutoka kwa mitetea wanaoishi na jogoo.

Usiwe na tamaa ya idadi. Silki hufunika vyema mayai 8 ya kwake, au 5 hadi 6 ya kienyeji. Yai likichungulia nje ya manyoya, idadi imezidi, na kwa kuwa yeye huyageuza na kuyahamisha, kila yai litapata zamu ya kupoa. Tandika udongo kidogo chini ya kiota, juu yake nyasi kavu, kisha umhamishe usiku hadi mahali pa faragha. Mayai yote yaingie siku moja, na kila moja liwe na alama, ili kuku mwingine akitaga humo ulitambue yai geni na kuliondoa.

Kila asubuhi mwinue taratibu. Kabla ya kumnyanyua, pitisha vidole chini ya kila bawa, kwa sababu silki hubana yai kwapani na likianguka litayavunja mengine. Utaisikia ngozi ya tumbo lake ikiwa tupu na yenye moto. Mweke penye nafaka na maji, subiri apate choo, kisha mwachie arudi mwenyewe. Siku ya 7 au ya 10, ingia usiku na tochi ya simu, shika yai na uliangaze kwenye ncha nene. Lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe kote halikuwa na mbegu. Lenye pete ya damu limekufa. Litoe lisije likawa viza na kupasuka kiotani. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena.

Siku ya 21 vifaranga huanza kutoboa. Usiwasaidie kutoka, wala usiwe na haraka ya kuwalisha: kiini walichokifyonza huwatosha siku mbili. Weka maji kwenye kisahani kifupi chenye kokoto. Mapema kabla ya hapo, punguza kwa mkasi manyoya marefu ya tumboni na nyuma ya mama, maana nyuzi zake zinaweza kumzonga kifaranga shingoni.

Kama huna mayai yenye mbegu, au silki amekwisha kutotoa mara mbili mfululizo, mwachishe. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kilichoinuliwa toka ardhini, kivulini, bila nyasi, akiwa na chakula na maji ya kutosha. Upepo unaopita chini hupoza tumbo, na baada ya siku 3 hadi 5 wengi huacha. Kumtumbukiza majini, kumfunga miguu au kumnyima chakula ni kumtesa bure, na silki aliyelowa huchelewa sana kukauka.

Maadui wa Kongowea wana sura zao. Wa kwanza ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa mwaka 1947. Mabaki ya vyakula humshibisha, na kifaranga humwona kitoweo. Wiki za kwanza vifaranga wakae chini ya wavu. Sungusungu huvamia yai linapotobolewa, hivyo kagua kiota kila jioni na uzungushe jivu. Chawa na utitiri hufurahia kuku asiyetoka. Mkague shingoni na chini ya mkia kabla hajaanza. Wakati wa masika, paa lisivuje hata tone.

Hatari kubwa kuliko zote ni kideri, ambacho humaliza banda zima kwa siku chache. Mchanje silki kabla ya msimu wa kuatamia, na uwaulize maafisa wa mifugo wa kaunti kuhusu chanjo ya matone ya jicho inayostahimili joto. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na anayetoka sokoni akae peke yake wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Si lazima kila nyumba iwe na kila kitu. Jirani mwenye jogoo na mitetea alete mayai, mwenye silki amtoe silki, na vifaranga wagawanywe kwa makubaliano yaliyofanywa kabla yai la kwanza halijawekwa kiotani. Silki atotoe mara mbili mfululizo, si zaidi, kisha apumzike hadi kidari kijae nyama tena. Kuku akitunzwa hivyo, msimu ujao ataketi akiwa na nguvu zake zote.