Bibi amesahau, au mtihani ndio usiomjua?

"BIBI, leo ni tarehe ngapi?" auliza muuguzi, kalamu mkononi.

"Leo ni tarehe nane, mfungo sita."

"Na mwaka?"

Bibi ataja mwaka wa Hijria.

"Haya, tuko katika majira gani?"

"Kusi limepungua nguvu, mwanangu. Twaingia demani."

Muuguzi atia sifuri nne: tarehe, mwezi, mwaka na majira. Baada ya dakika kumi karatasi yasema kwamba bibi huyu yumkini ana maradhi ya usahaulifu, yale ambayo madaktari huyaita dimenshia.

Mpenzi msomaji, mazungumzo hayo ni ya mfano tu, lakini maswali yenyewe ni ya kweli. Yamo katika mmoja wa mitihani inayotumiwa sana duniani kupima utendaji wa ubongo. Je, bibi alikosea? Hakukosea hata moja. Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, mwezi wa sita tangu watu wafungue Ramadhani. Demani ni wakati upepo wa Kusi unapolegea. Mtu aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, akihesabu siku zake kwa mwezi mwandamo na upepo wa bahari, amejibu sawasawa. Aliyeshindwa hapo ni mtihani.

Katika makala haya tutaeleza jinsi vipimo hivi vinavyoweza kumdhulumu mzee, mtoto au mgonjwa wa kiharusi bila mtu yeyote kukusudia, na yale ambayo jamaa wa mgonjwa wanaweza kufanya.

Alama 12 zapotea bure

Picha za kichwa huonyesha mahali damu ilipovuja au palipo na uvimbe. Hata hivyo, hakuna picha inayoweza kumwambia daktari kama mtu anakumbuka alichoambiwa asubuhi, au kama anaweza kupanga shughuli zake. Kwa hayo, daktari hana budi kumpa mgonjwa maswali na kazi ndogo ndogo, kisha kulinganisha majibu yake na ya watu wazima wa afya. Hapo ndipo penye mtego: ni watu gani hao anaolinganishwa nao?

Mtihani tuliouanza hapo juu uliundwa nchini Marekani na Marshal Folstein na wenzake, ukachapishwa mwaka 1975. Una alama 30. Kwa kawaida, anayepata chini ya 24 hushukiwa kuwa na kasoro.

Sasa tumrudie bibi yetu. Tuseme hakwenda shule ya serikali, bali alisoma chuoni kwa mwalimu wake pale mtaani. Amekwisha kupoteza alama 4 za tarehe na majira. Anapewa karatasi iliyoandikwa amri fupi, "Fumba macho", aisome na kuitii. Imeandikwa kwa herufi za Kizungu, naye hazijui. Alama 1 yaenda. Anaambiwa aandike sentensi yoyote. Muuguzi amekwisha kuona kwamba hajui kusoma, kwa hiyo swali analiruka. Alama nyingine yaenda. Anaonyeshwa maumbo mawili yenye pembe tano yaliyopandana, ayachore. Hajapata kushika penseli kuchora maumbo maishani mwake. Alama nyingine. Mwisho anaambiwa atoe 7 katika 100, kisha atoe 7 tena, mara tano mfululizo. Hiyo ni hesabu ya darasani, na alama 5 zaenda.

Jumla ni 12. Bibi amebakiwa na alama 18 hata akijibu mengine yote bila kosa.

Na kumbukeni, msomaji, kwamba bibi huyu si mjinga wa kusoma. Anasoma Kurani kila alfajiri. Wako wazee wengi wa mwambao ambao ujana wao wote waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lau angepewa amri ile ile kwa herufi hizo, angeisoma na kufumba macho papo hapo.

Saa ya Kiswahili

Mtihani mwingine mashuhuri ulitungwa Montreal, Kanada, ukachapishwa mwaka 2005. Huo humtaka mgonjwa achore uso wa saa, aweke tarakimu zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi za mchana, kwa hesabu yetu. Kwa Kiingereza wakati huo huitwa saa kumi na moja na dakika kumi.

Mfasiri asiyekuwa mwangalifu ataandika hivyo hivyo, "saa kumi na moja na dakika kumi". Mzee wa Mombasa akisikia hivyo atafikiri habari za jioni, magharibi inapokaribia, na mshale mfupi ataupeleka kwenye tarakimu 5. Msahihishaji aliyezoea saa ya Kizungu anatazamia kuuona kwenye 11. Atasema mgonjwa amechanganyikiwa.

Na mfasiri akiandika "saa tano na dakika kumi" bado jambo halijaisha. Mswahili husema saa tano huku mshale ukielekea 11, na jambo hilo amelizoea tangu utoto. Lakini mgonjwa anayeyatii maneno ya swali yalivyo aweza kuuweka kwenye 5. Yupi kati yao ndiye mgonjwa? Saa hiyo haiwezi kutuambia mpaka kwanza tujue wazee wazima wa Mombasa huichora vipi.

Mtihani huo huo una maneno matano ya kukariri. Katika Kiingereza yake cha awali mna uso, mahameli, kanisa, ua na rangi nyekundu. Mtu hushika haraka maneno ya vitu anavyokutana navyo kila siku. Kwa mzee aliyeishi hatua chache kutoka msikitini, kanisa si neno gumu, lakini halimjii kwa wepesi ule linavyomjia mzee wa Montreal.

Hata tarakimu si sawa katika lugha zote. Kipimo kimoja cha kumbukumbu ni kurudia tarakimu zinazotajwa moja baada ya nyingine. Kwa Kiingereza, tarakimu za 1 hadi 9 zina silabi moja moja, isipokuwa 7. Kwa Kiswahili kila moja ina silabi mbili: moja, mbili, tatu, nne, na kuendelea. Zinachukua muda zaidi kutamka, na kumbukumbu hii ya muda mfupi hutegemea sana muda huo. Mwaka 1980 watafiti wa Wales walionyesha kwamba watu wanaojua Kiingereza na Kiwelsh hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh, kwa sababu majina ya tarakimu zake huchukua muda mrefu kutamkwa. Kwa hiyo kumpima Mswahili kwa kiwango cha Kiingereza ni kumpunja tangu mwanzo.

Jeraha la zamani

Jambo hili lina historia chungu nchini Kenya. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938, aliandika kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Alimfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Wataalamu wa baadaye waliyakataa maoni hayo, na Frantz Fanon aliyashambulia vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Kosa la msingi lilikuwa ni kuchukua tofauti ya malezi, lugha na shule na kuiita kasoro ya ubongo. Leo hakuna daktari wa heshima atakayeandika maneno kama ya Carothers. Lakini fomu ikitoa alama 18 kwa mtu asiyekuwa na ugonjwa, kosa ni lile lile.

Mwaka 1979 Robert Serpell alitoa matokeo ya jaribio alilowafanyia watoto wa Zambia na wa Uingereza. Aliwataka wafuatishe maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa nyaya, ambazo watoto wa Zambia huzitumia kuundia vigari vya kuchezea, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili waliujua, walikuwa sawa. Ubongo ni ule ule, kilichobadilika ni kifaa tu.

Kilifi na Hai waonyesha njia

Dawa yake haiko mbali. Kutoka kisiwani Mombasa, ukivuka daraja la Nyali na kufuata barabara ya kaskazini, utafika Kilifi. Huko, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, wataalamu walitaka kujua kama watoto walionusurika malaria kali hubakiwa na madhara katika ubongo. Walipokosa mtihani unaofaa, waliutengeneza. Penny Holding na wenzake walichapisha maelezo ya vipimo hivyo mwaka 2004. Mwaka 2008 Amina Abubakar, msomi wa Kenya, pamoja na wenzake walichapisha kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vifaa rahisi vinavyopatikana papo hapo. Vipimo vya Kilifi vilisaidia kuonyesha kwamba baadhi ya watoto waliougua malaria kali hubaki na upungufu wa kweli. Ni mtihani wa haki uliolidhihirisha dhara hilo.

Kwa upande wa wazee, tutazame wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, Tanzania. Watafiti walitunga kipimo kifupi cha usahaulifu kwa ajili ya watu wasiosoma, wakakichapisha mwaka 2014. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilotengenezewa. Huulizwa daraja ni nini, na kiongozi wa mahali pake ni nani, na hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hayo yote yanapima ubongo bila kuuliza cheti cha shule.

Tusihurumie kupita kiasi

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba haki ni kumwongezea kila mzee alama za bure. Mtihani wa Montreal huongeza alama moja kwa mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, na alama moja haimtoshi asiyeingia darasani kabisa. Tukiongeza ovyo, mgonjwa wa kweli atapita, nyumbani watasema "ni uzee tu", na tiba itachelewa. Usahaulifu mwingine hutibika kabisa: ule unaotokana na kasoro ya tezi, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito, maambukizo, au dawa nyingi zinazomezwa kwa pamoja.

Kinyume chake pia ni hatari. Karani mstaafu au mwalimu mkuu wa zamani, aliyezoea mitihani, aweza kupata alama 28 huku ugonjwa umeshaanza kumla.

Na madhara hayaishii hospitalini. Mtu akishaandikwa kwamba akili yake imepungua, watoto huanza kumwamulia. Karatasi hiyo yaweza kutumiwa katika mabishano ya nyumba, ya urithi au ya nani ashike fedha. Mjini Mombasa, ambako nyumba moja ya Mji wa Kale huwa na warithi wengi, hilo si jambo dogo.

Jamaa wafanye nini?

Kabla ya kumpeleka mzee wenu kupimwa, na mnapokuwa kule, zingatieni haya:

1. Mwambieni mpimaji mapema mzee alisoma wapi na kwa miaka mingapi, anasoma herufi gani, na lugha ya nyumbani ni ipi. Kiswahili cha Kimvita, Kibajuni, Kigiriama au Kigujarati si jambo la kupuuza.

2. Hakikisheni anaona na anasikia. Mtoto wa jicho na masikio mazito huondoa alama nyingi. Achukue miwani yake.

3. Mzee akijibu kwa mwezi mwandamo au kwa saa ya Kiswahili, semeni hivyo kwa adabu na ombeni jibu liandikwe kama alivyolitoa. Lakini msimjibie.

4. Ulizeni kama mtihani umewahi kujaribiwa kwa watu wa rika lake na elimu kama yake. Mpimaji mwema hatachukia.

5. Elezeni yaliyobadilika. Alikuwa akiweza nini mwaka jana ambacho leo hakiwezi? Anapotea njia ya kurudi kutoka Marikiti? Anatia chumvi kwenye pilau mara mbili? Anasahau rakaa, au sura aliyoihifadhi tangu utoto? Anashindwa kuhesabu chenji? Majibu hayo yana uzito kuliko saa ya kuchora.

6. Asihukumiwe kwa mtihani mmoja. Ombeni arudiwe baada ya miezi sita au mwaka, kwa kipimo kile kile, ili alinganishwe na nafsi yake ya jana.

Kwa wauguzi na madaktari wetu, ombi ni moja. Swali la tarehe linakusudia kujua kama mtu anafahamu yuko wapi katika mwendo wa siku. Bibi wa mfano wetu alijua siku, mwezi, mwaka na upepo. Kabla ya kutia sifuri, mtazame kalenda yake pia.