Kwa nini Cessna yako inagoma kupaa Sumbawanga kwenye simyuleta?

Uko zako Mpui, jioni, baridi la Ufipa limeanza kuuma. Umewasha laptopu, umechagua Cessna 172 na uwanja wa HTSU, yaani Sumbawanga. Unasukuma nguvu zote. Ndege inakimbia, inakimbia, njia inaisha, unaishia porini. Na juzi ndege hiyohiyo ilipaa Dar bila shida!

Programu haijaharibika. Tatizo ni mwinuko.

Hewa ni nyepesi

Sumbawanga iko karibu futi 5,900 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 16. Injini inavuta hewa kidogo, propela inashika hewa kidogo, na bawa nalo hivyohivyo.

Injini ya Cessna 172S ina nguvu-farasi 180 kule pwani. Sumbawanga unabaki na kama 150 tu. Mchana wa jua kali zinapungua zaidi.

Cessna 172: gusa kishikio chekundu

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kile kishikio chekundu ni miksicha, kinapanga mafuta yachanganyike na hewa kiasi gani. Ukikiacha mwisho kama ulivyofanya Dar, mafuta yanazidi hewa na injini inakosa nguvu.

Kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000, shika breki, sukuma nguvu zote, kisha vuta miksicha taratibu huku ukiangalia mizunguko ya injini. Ikifika juu kabisa, acha hapo. Weka flapu nyuzi 10, punguza mafuta na abiria kwenye menyu ya uzito, halafu inua pua ukifika noti 55. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa.

Ukitua, fuata kasi ileile ya kwenye saa ya ndege. Ila ardhi utaiona inapita haraka kwa kama asilimia 9 zaidi, kwa hiyo njia nayo italiwa zaidi. Usishtuke.

Caravan: sahau miksicha

Cessna 208B Caravan, ile inayobeba watalii Serengeti na Zanzibar, ina injini ya tabo. Haina miksicha. Weka flapu nyuzi 20, inua pua kwenye noti 70 hadi 75. Kazi yako kubwa ni kuangalia joto na msukumo wa injini visivuke mstari mwekundu.

Dash 8 na Dreamliner

Dash 8-400 ya Air Tanzania ni ndefu. Ukitua, usiinue pua zaidi ya nyuzi 6, mkia utagonga lami.

Boeing 787-8 ni habari nyingine. Ikijaa inafika karibu tani 228, na kasi ya kupaa haikaririwi. Unaingiza uzito, kompyuta ya ndege inakupigia hesabu. Hii ipeleke HTDA au HTKJ, Kilimanjaro. Sumbawanga iache kwanza.

Bando je?

FlightGear ni ya bure na inaweza kutumika bila intaneti ukishapakua ramani za eneo lako. Microsoft Flight Simulator mpya inavuta picha za dunia mtandaoni muda wote, bando litalia. Kwa simu ipo X-Plane, nayo inaanza na Cessna 172 bure.

Je, inakufanya rubani?

Hapana. Saa unazorusha nyumbani haziingii kwenye leseni. Zinazohesabiwa ni za ndege halisi, pamoja na sehemu ndogo ya mashine maalumu zilizoidhinishwa na mamlaka ya anga, kwetu ni TCAA. Akitokea mtu mtandaoni anakuuzia cheti cha urubani cha simyuleta, funga mfuko wako.

Lakini usidharau. Ada ya urubani ni kubwa, na kila saa ya ndege halisi inalipiwa. Kijana anayefika chuoni akijua kwa nini ndege inagoma Sumbawanga na kupaa Dar, tayari ana somo moja ambalo hatalilipia mara mbili.

Leo jioni rudi HTSU. Vuta kile kishikio chekundu kidogo tu, uone.