Ukifika kwenye daraja, shuka chini uangalie miguu yake

Fom yako ya wikendi ni gani? Kama ni ile ya kupita Expressway usiku, dirisha wazi, simu nje na muziki juu, sikulaumu. Nimeifanya pia, na video bado ninayo. Lakini barabara hiyo unayoiita ya Nairobi huanzia kwetu. Mlolongo iko Kaunti ya Machakos. Ni kilomita 27 kutoka hapo hadi Westlands, na magari yaliruhusiwa kuitumia Mei 2022. Shida yake ni moja tu: hairuhusu kusimama. Huwezi kuitembea kwa miguu wala kwa boda. Unalipia, unapita, basi. Ukishafika Westlands huwezi kuniambia nguzo zake zina rangi gani.

Mimi nataka kukupeleka kwenye madaraja unayoweza kusimama juu yake, kisha ushuke chini. Hiyo ya kushuka chini ndiyo muhimu, na nitakuambia kwa nini. Nilisomea ujenzi miaka miwili kabla ya karo kukata. Cheti sina. Lakini kuna kitu mwalimu mmoja alituambia ambacho hakijanitoka: ukitaka kujua afya ya daraja, usiangalie lami, angalia mahali nguzo inapoingia ardhini. Tangu siku hiyo siwezi kuvuka daraja bila kutafuta njia ya kwenda chini yake. Marafiki zangu wananiona nimechizi kidogo.

Anzia Syokimau. Jina lile si la mtaa tu. Ukambani inasimuliwa kwamba Syokimau alikuwa mama mtabiri, na kwamba aliona nyoka mrefu anayetema moto na moshi akitoka kwenye maji makubwa kwenda kwenye maji mengine. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Bahari hadi ziwa. Ukitaka kubishana na susu kuhusu hilo, jaribu wewe.

Yule nyoka alitupita. Reli ilipitia Ulu na Konza kisha ikakata nyika ya Athi, ikauacha mji wa Machakos kando ya vilima vyake. Mwaka huo huo wa 1899 John Ainsworth, mkoloni aliyekuwa akisimamia Ukambani kutoka hapa, alihamishia ofisi yake Nairobi. Kwa hivyo jamaa wa Nairobi akikucheka kwamba umetoka shagz, mwambie kwa upole kwamba serikali ilikaa kwetu kabla ya kukaa kwao.

Nyoka wa pili, SGR, alianza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017, na stesheni yake kubwa wakaijenga pale pale Syokimau. Kutoka hapo reli inaendelea kuelekea Suswa kwa kupita juu ya Mbuga ya Nairobi kwenye daraja la takriban kilomita 6, lililoinuliwa ili twiga wapite chini. Kama una pesa ya kuingia mbugani, nenda ukalione. Picha ya twiga na treni kwa fremu moja ni ngumu kuipata, mimi nimejaribu mara mbili nikaambulia treni na mgongo wa nyumbu. Kitu kimoja tu: usipande kwenye reli kutafuta picha. Kuna ua, kuna walinzi, na treni haikati kona kukukwepa.

Ukimaliza Syokimau, panda mat hadi mji wa Athi River, kwa sababu mto wenyewe ndio utakaotuongoza kuanzia hapa. Watu wengi wanajua Athi River kama viwanda vya saruji na foleni ya malori. Mto hata hawauoni, wanauvuka wakiwa wamelala. Aprili 2024 uliwaamsha. Mvua ilinyesha mto ukavunja kingo, nyumba za Mavoko zikaingia maji na watu wakaokolewa juu ya mapaa. Simama darajani wakati wa kiangazi uangalie maji yalivyo kidogo, halafu angalia takataka za plastiki zilizokwama kwenye matawi ya miti. Urefu huo wa plastiki ndio kipimo cha mafuriko. Hakuna kibao kitakachokueleza vizuri zaidi.

Sasa, kama una siku moja tu, ruka yote niliyosema uende Donyo Sabuk. Kutoka Machakos unapanda gari hadi Tala, kupitia Kangundo, na kutoka Tala unatafuta la kwenda Donyo Sabuk. Nauli hubadilika na mvua na bei ya mafuta, kwa hivyo beba zaidi ya unayodhani utahitaji. Ukitokea Nairobi ni rahisi kupitia Thika na barabara ya Garissa, ushuke Kilimambogo. Nakushauri uje kwa njia hiyo ya pili hata kama ni ndefu kwako, kwa sababu hiyo ndiyo inayokuingiza Donyo Sabuk kupitia darajani.

Daraja lenyewe si kitu cha kalenda. Ni la kawaida, na chini yake unapita ule ule mto Athi uliouacha kule mjini, sasa ukiwa mpana. Mlima uko mbele yako: mita 2,145, Wamaasai wakauita mlima mkubwa, Wakamba wakauita Kyanzavi, na Waswahili wakaona nyati wakasema Kilima Mbogo. Simama pembeni, uache boda zipite. Utasikia kitu kama mngurumo wa lori lisilofika. Hayo ni maporomoko ya Fourteen Falls, hapo karibu, maji yakianguka karibu mita 27 kwenye mwamba uliokatikakatika.

Utasikia pia harufu. Sitakudanganya. Mto Nairobi unamwaga maji yake kwenye Athi, na kila kitu ambacho jiji halikitaki kinapitia hapa. Siku nyingine povu jeupe linaelea chini ya daraja kama sabuni ya dobi. Kuna vijana wa hapo watakaokuvusha kwa mashua, na wengine wanaruka kutoka juu ya maporomoko ukiwalipa. Nilimuuliza mmoja, "Brathe, haya maji hayakuwashi?" Akacheka: "Yakiniwasha nitakula nini?" Sikurekodi aliporuka. Nilimpa zile za kuruka nikamwambia anionyeshe njia ya kufika chini ya daraja.

Chini ya daraja ndipo utakapoelewa kwa nini nakusumbua. Pale mto una mwamba. Nguzo ikiegemea mwamba haina wasiwasi, maji yapige yatakavyo. Weka picha hiyo kichwani, tutaihitaji.

Kama una siku ya pili, panda mlima. Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri wa Marekani aliyekufa 1925, yule ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Nairobi. Alitaka kuzikwa kileleni. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa mzito na mlima ukawa mkali, gari likashindwa, wakamzika katikati ya njia. Mtu mwenye mali yote ile, na bado barabara ilimwamulia.

Mto wenyewe haukwami. Kutoka hapo unapita Yatta na Mwala, unateremka hadi Tsavo, na huko unakutana na mto Tsavo, vikaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo lile daraja maarufu kuliko yote ya reli yetu, la Tsavo, liko kwenye tawi la mto huu wetu. Ni lile ambalo simba wawili walikula wajenzi wake mwaka wa 1898. Patterson, mhandisi aliyewaua, alidai waliliwa watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba hao wakatoa makadirio ya kama 35. Simba wenyewe wako kwenye jumba la makumbusho kule Chicago. Wajenzi, wengi wao Wahindi, majina yao ni wangapi tunayajua? Ukisafiri kwenda Mombasa kwa basi, kaa macho unapofika Tsavo. Ni sekunde chache tu.

Lakini daraja lililonifanya niandike haya haliko kwenye orodha ya mtu yeyote. Liko Mwala, kwa susu, juu ya kijito kinachoishia Athi. Nguzo tatu fupi na saruji juu. Mwaka mzima kijito ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanakuja kwa saa moja kama yametumwa.

Nikiwa mdogo, nguzo zilionekana hadi magotini mwangu. Sehemu nyingine ilikuwa imezama mchangani. Mwezi uliopita nilisimama chini ya daraja hilo, nikainua mkono na sikugusa saruji. Daraja halijapanda. Mchanga ndio umeondoka. Unapakiwa kwa sepetu kwenye malori, usiku zaidi kuliko mchana, na unaenda kujenga nyumba za Nairobi. Hakuna mwamba pale kama Donyo Sabuk. Nguzo zimeshika mchanga, na mchanga umeuzwa. Kwenye nguzo ya kati naona kokoto za msingi, zile ambazo mwalimu wangu alisema ukiziona, umechelewa.

Mvua za 2024 zilipokuja, susu alikaa siku tatu ng'ambo, dawa za presha zimeisha, zahanati ikiwa upande wa pili. Alitumia busara ya kutojaribu kuvuka. Wengine hawakupata nafasi hiyo ya kusubiri. Jirani zetu wa Kitui hawajasahau Desemba 2021, basi la watu waliokuwa wakienda harusini liliposombwa kwenye mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Pale gari lilikuwa likivuka ndani ya maji yaliyofunika barabara. Kwa hivyo ukitembea Ukambani wakati wa mvua na dereva akasema "haya ni maji kidogo tu", shuka. Achekwe nani, wewe au yeye, hiyo mtajua mkiwa hai.

Ungependa niwataje wanaopakia mchanga. Binamu yangu ni mmoja wao. Muhula wangu wa kwanza chuoni, nusu ya karo ilitoka kwenye sepetu lake. Nilimpeleka chini ya daraja nikamwonyesha zile kokoto. Akazitazama kwa muda mrefu. "Hapa hatuchimbi tena," akasema, "tunachimba kule juu." Nikamweleza kwamba mchanga wa kule juu ndio unaokuja kujaza hapa. Akauliza, "Sasa wewe una kazi ya kunipa?" Sikuwa nayo.

Tulikaa hapo chini hadi jua likapungua, tukila miwa. Kabla ya kuondoka niliokota kipande cha mkaa nikachora mstari kwenye nguzo ya kati, pale mchanga ulipofikia Jumapili ile, nikaandika tarehe. Binamu yangu akaongeza alama yake kando. Desemba nitakuwa kwa susu tena, nitaenda kuangalia.