MLIMA HAUTAZAMI RANGI: Hilux, Hardbody au kirikuu, nani kidume wa Kwamkoro?

Mjini pikapu ni mapozi. Unaiosha Ijumaa jioni, unafungulia muziki, unaegesha mbele ya baa pale ambapo kila anayeingia lazima aione, mambo mswano. Hata kama fowili ilikufa zamani, enzi za mwenye gari wa tatu nyuma yako, nani atajua? Lami haiulizi maswali.

Sasa ichukue pikapu hiyo hiyo, pita nayo Muheza, panda kuelekea Amani, halafu usiishie hapo, endelea mpaka Kwamkoro. Tena nenda mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshanyesha siku tatu mfululizo. Huko ndiko magari yanakovuliwa nguo.

Kwa wale waliokuwa wanatoroka kipindi cha jiografia: Kwamkoro siyo Lushoto. Mtu akisikia Usambara tu akili yake inakimbilia Lushoto, kumbe milima hiyo ni miwili, Magharibi na Mashariki, na katikati kuna bonde la Lwengera. Lushoto ni Magharibi. Kwamkoro ni Mashariki, wilaya ya Muheza. Tofauti yake kwa mwenye gari ni kubwa. Ukipandia Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, kona ni nyingi na korongo linakukodolea macho pembeni, lakini chini yako kuna lami. Ndiyo maana Canter za kabichi na karoti zinashuka pale kila uchao. Kwa hiyo jamaa wa Lushoto akikwambia "hata Noah inapanda Usambara", hakudanganyi, anasemea mlima wake. Na hata yeye mpeleke kule juu Mtae wakati wa masika uone kama ataendelea na wimbo huo huo.

Kwamkoro kuna mashamba ya chai na kuna msitu mnene, ule ambao tangu mwaka 1997 ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Pale Amani mvua ni kama milimita 1,900 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, Dodoma wanapata karibu theluthi moja tu ya hapo. Udongo wenyewe ni mwekundu, wa mfinyanzi, na ukilowa unakuwa kama sabuni ya mche iliyosahaulika kwenye karai. Jua kali kwenye hiyo barabara ya msituni usitegemee sana, maana miti inafunika. Tope la Jumatatu unaweza kulikuta Alhamisi likiwa na afya njema.

Utauliza, sasa kijana wa mjini anatafuta nini huko? Anatafuta mshiko. Usambara Mashariki ni nchi ya iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Vijana kibao wa Tanga na Dar wameshapiga hesabu: panda na hela, shuka na magunia. Wengine wanapata tenda ya kubeba majani mabichi ya chai, na majani ya chai hayana subira. Yakishachumwa yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyo hiyo, yakilala kwenye magunia yanapata joto na kuharibika. Gari likinasa, siyo gari tu limenasa. Pesa inaoza mgongoni mwako huku unaiangalia.

Halafu kuna jambo ambalo wauza magari hawakwambii. Ukishakuwa na pikapu huko mlimani, wewe ni ambulensi utake usitake. Saa 8 usiku utagongewa mlango, kuna mama mjamzito amezidiwa, anatakiwa kufika Hospitali Teule pale Muheza, na mteremko ni mrefu. Hapo ndipo swali la pikapu ipi linapoacha kuwa la mapozi.

Haya, tuanze na mfalme mwenyewe, Toyota Hilux. Ilizaliwa Japani mwaka 1968, ya fowili ikafuata mwaka 1979. Sifa zake zimevuka mipaka. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwatimua askari wa Libya jangwani wakiwa juu ya pikapu za Toyota, mpaka watu wakaviita "Vita ya Toyota". Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha BBC walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, wakaizamisha baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya ghorofa lililokuwa linabomolewa kwa baruti. Ghorofa likaanguka. Fundi akachokonoa kidogo, bila spea mpya, Hilux ikawaka.

Lakini mshikaji, sikiliza vizuri. Hilux iliyofanya maajabu hayo siyo ile unayoionea wivu pale Mikocheni. Ziko Hilux na Hilux. Ya kwanza kwa mlima ni ile ya zamani, wenyewe wanaiita kwa herufi zake, LN106, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 80 hadi 1997. Ekseli yake ya mbele ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na imekalia springi za vyuma bapa kama za lori. Ukipanda jiwe upande mmoja, upande wa pili unashindiliwa chini, kwa hiyo tairi zote zinaendelea kugusa ardhi. Injini yake ya 2.8, ile 3L, haina turbo, haina kompyuta, haina maringo. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua na spana zake anazozijua. Ubaya wake? Inakurusha kama punda mwenye hasira, na ukiwa huna mzigo utadhani unapigwa na mtu aliyekukosa siku nyingi. Tena nyingi zina habu za mbele za kufunga kwa mkono: unashuka kwenye tope, unazungusha, unarudi ndani na viatu vyekundu. Ukisahau kufunga, hata uvute kile kigiya kidogo mpaka kikatike, mbele hakuna kinachovuta.

Mwaka 2004 ikaja Vigo, na mwaka 2015 ikaja Revo. Hizi ni bomba, nguvu tele, ndani kama sebuleni, na mlima zinapanda, tusizisingizie. Tatizo liko kwenye mafuta. Dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwa presha kubwa mno na nozeli zake zinaongozwa na umeme. Hazipendi uchafu hata kidogo. Na sisi wenyewe tunajua tulikotoka, lile neno "kuchakachua" halikuingia midomoni mwa watu kwa bahati mbaya. Dizeli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe tena. Sasa wewe uliyepanda mlimani na Revo, halafu ukajaziwa dizeli ya kwenye dumu kijijini, unacheza kamari na nozeli ambazo bei yake itakukosesha usingizi. LN106 ikipewa dizeli hiyo hiyo itakohoa, itatoa moshi wa kutosha kuvulia nyuki, na itafika.

Kuna mtego mwingine kwenye hizi Vigo, vijana wengi wanauingia kichwa kichwa. Zipo zilizotoka Thailand zimeinuliwa juu, zinaonekana kabisa ni fowili, kumbe zinavuta nyuma tu. Ni urefu wa visigino huo. Usiangalie kimo. Chungulia chini kama kuna difu ya mbele, na ndani utafute kigiya cha pili au swichi yenye maandishi 4H na 4L. Hamna? Hiyo ni ya kwenda nayo harusini.

Nissan Hardbody watu wanaidharau bure. Ile D21 ya kuanzia 1985, na D22 iliyoifuata mwaka 1997, zikiwa na injini ya TD27 ya 2.7, ni punda wa kweli. Nguvu yake iko chini, yaani haihitaji kupigiwa kelele, unaiachia giya ya kwanza kwenye 4L inapanda taratibu kama bibi anayetoka kisimani. Mbele haina ile ekseli ya chuma kimoja, kwa hiyo kwenye mashimo makubwa inaanza kuning'iniza mguu hewani mapema kuliko LN106. Lakini kwa sababu jina lake si Toyota, bei yake huwa ya kibinadamu zaidi, na tofauti hiyo inakununulia seti nzima ya matairi mapya, ambayo kwa maoni yangu ni msaada mkubwa kuliko jina lolote kwenye boneti. Isipokuwa: spea za Toyota utazipata mpaka kwenye duka linalouza sukari. Za Nissan itabidi uende Tanga mjini, au upige simu Kariakoo usubiri basi. Na siku ya kuuza, Hilux inagombewa, Hardbody unaibembelezea wateja. Chesisi ya Hardbody ikague kwa nyundo, kutu inaijua.

Isuzu nazo zipo, hasa hizi D-Max, ambazo majirani zetu wanaziunganisha pale Nairobi, na injini zake ngumu. Mitsubishi L200 inasifika kwa kukata kona finyu. Ukiipata nzima kwa bei poa, usiikimbie. Landrova mimi siigusi leo, maana siyo pikapu ndogo, na wazee wa misitu watanipiga mawe nikisema neno baya.

Basi tuje kwa kirikuu. Najua unacheka. Suzuki Carry, injini ya sisi 660, matairi ya inchi 12, ukiiangalia unaona toroli lililopewa taa. Lakini zipo kirikuu za fowili, nyingine zina mpaka giya ndogo, na gari lenyewe ni jepesi kiasi kwamba likinasa wanaume wanne wanalinyanyua wanaliweka pembeni, mnaendelea na stori. Jaribu kuinyanyua Vigo. Tena ni nyembamba, inapita pembeni ya lori lililokwama wakati wenye magari makubwa wamezima injini wanatafuna miwa.

Lakini Wajapani waliitengenezea mzigo wa kilo 350. Hapa ndipo biashara inapoamuliwa, kwa hiyo toa kalamu. Tuseme Muheza hadi Kwamkoro na kurudi ni kilomita 80. Tuseme kirikuu kwa mlima ule inakwenda kilomita 12 kwa lita, na Hilux ya zamani kilomita 9. Kama mzigo wako ni kilo 300 za iliki kavu, kirikuu inakula lita 7 hivi, Hilux inakula 9, kirikuu imeshinda. Kama una tani moja ya ndizi, Hilux inapanda mara moja kwa zile lita 9. Kirikuu itapanda mara tatu, kilomita 240, lita 20, na siku imeisha. Wanaoipakia tani nzima kirikuu "ili kuokoa safari" ndio hao unaowaona kwenye kona wamekaa juu ya jiwe wakisubiri ekseli. Mwenye viungo anunue kirikuu alale usingizi. Mwenye ndizi, mbao au chai asijidanganye.

Na kumbuka yule mama wa saa 8 usiku. Kirikuu itampeleka, lakini nyuma, chini ya turubai. Hilux ya kebini moja, nyuma vile vile, labda abane mbele kati ya dereva na giya. Dabo kebini inapoteza nafasi ya mzigo, lakini ina kiti cha kumlaza mtu, na mlango wa kufunga mvua nje. Kama kijiji kizima kinachangishana kununua gari moja, mimi ningepiga kura dabo kebini, LN106, hata kama rangi imebabuka.

Jambo la mwisho kwa anayekwenda kununua. Fowili haina uchawi. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwa tairi lisilo na kazi, lile linalozunguka bure kwenye tope, huku mwenzake aliye pakavu ametulia kama bosi. Kwa hiyo matairi vipara kwenye fowili ni sawa na kuvaa kandambili kwenye utelezi. Pikapu tupu nayo nyuma inakuwa nyepesi, inacheza sindimba, ndiyo maana utaona madereva wanapanda na viroba viwili vya mchanga. Kushuka usitegemee breki, weka giya ndogo uiachie injini ikushikilie.

Na fowili usiijaribie kwenye lami kavu, ekseli zinapigana zenyewe kwa zenyewe unaweza kuua kitu ambacho hujakilipia. Mwambie muuzaji mwende kwenye udongo, mfunge 4L, mpande kamlima kokote mbele yako, halafu mrudi nyuma kinyumenyume. Akianza kusema leo ana haraka, mwachie haraka yake.