Walioangamia kwa Jina la Dini: Tuzitazameje Filamu Zao?

  

Ndugu zetu Waislamu, nanyi wanafunzi mnaotusikiliza majumbani. Usiku mmoja hapa Busale, baada ya sala ya Isha, tuliwakuta vijana barazani wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama filamu ya makala, yaani filamu inayosimulia mambo yaliyotokea kweli, juu ya watu waliofukuliwa katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya. Ilipokwisha, kijana mmoja akasema, "Watu wale hawakuwa na akili." Wenzake wakacheka, wakainuka kwenda kulala. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akauliza, "Lakini waliingiaje humo?" Hakuna aliyemjibu. Hotuba hii ndiyo jibu tulilokuwa tukimtafutia tangu usiku ule.

Hatukusudii kuwakataza watu kutazama filamu hizo. Mwenyezi Mungu ametuamuru tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia, na mtu asiyeweza kusafiri aweza kuangalia kwa njia ya picha. Tatizo letu ni jinsi filamu nyingi zinavyopangwa. Huanzia mwisho. Huonyesha kwanza makaburi, askari na majembe, miili iliyofunikwa, na muziki wa kutisha. Kisha, kama muda umebaki, hugusa kidogo miaka ya nyuma. Mtazamaji huingiwa na hofu, hushukuru kuwa yeye si miongoni mwao, akalala. Na hali mambo ya kumfaa yalikuwa katika ile miaka ya nyuma, siku ambazo hapakuwa na la kutisha hata moja.

Tuichukue Shakahola yenyewe. Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuwa mhubiri. Alianzisha kanisa lake mjini Malindi mwaka 2003, na watu walimwendea kama wanavyomwendea mhubiri yeyote. Hakuanza kwa kuwaambia watu wafe. Alihubiri juu ya mwisho wa dunia. Baadaye akafundisha kwamba shule ni mbaya, kwamba hospitali ni mbaya, kwamba kujiandikisha serikalini ni alama ya Shetani. Alikamatwa kwa mafundisho yake juu ya shule, akaachiwa. Mwaka 2019 alilifunga kanisa, na baada ya hapo wafuasi wakahamia msituni, katika eneo la ekari zipatazo 800, mbali na ndugu na majirani. Mwezi wa Aprili 2023, polisi walipoingia humo baada ya jamaa kutafuta watu wao, walianza kufukua. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha njaa, na kwa baadhi yao ulionyesha kunyongwa na kupigwa. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashitaka ya mauaji na mengineyo, Mackenzie aliyakana.

Yapo mawili hapa ambayo vijana wetu hawakuyazungumza. La kwanza, mhubiri huyu mwenyewe alikuwa mtu wa picha: alikuwa na stesheni yake ya televisheni, na mahubiri yake yalienea kwa video. Mwishoni mwa mwaka 2023 mahakama ya Malindi ilimhukumu kifungo cha miezi 12 kwa kuonyesha filamu bila kibali. Basi simu ile ile inayotuletea habari za maangamizi ndiyo iliyoweza kumletea mtu mwaliko wa kwenda huko. La pili ni kwamba baadhi ya waliookolewa wangali hai walikataa chakula na maji walipopewa. Mtu hafikishwi hapo kwa siku moja, wala hafikishwi hapo kwa kukosa akili.

Kwa ajili ya swali la bibi yetu, filamu ya Stanley Nelson wa Marekani, ya mwaka 2006, yafaa kuliko nyingi. Inahusu watu wa Jim Jones, waliokufa kwa sumu huko Jonestown, nchini Guyana, tarehe 18 Novemba 1978. Walizidi 900, na watoto walikuwa karibu thuluthi. Katika filamu hiyo walionusurika wanasimulia wenyewe, na wanaanza kwa furaha. Wanakumbuka nyimbo. Wanakumbuka mahali ambapo mweusi na mweupe walikaa benchi moja katika nchi iliyowatenga, mahali ambapo wazee walitunzwa na wenye njaa walipewa chakula. Waliingia kwa sababu waliona wema, na wema ule ulikuwapo. Ndiyo maana twasema kijana wetu alikosea: mwenye kuvutwa na mambo ya namna hiyo mara nyingi ni yule mwenye moyo wa huruma, anayetafuta kitu bora kuliko alichokiona nyumbani. Au ni mjane, au mgonjwa aliyekata tamaa, au mwanafunzi aliyefeli mtihani na kuona haya kurudi kwa baba yake.

Huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliungua ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo mahali pengine, hata hesabu ikapita 700. Viongozi walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao. Wafuasi walikuwa wameuza mashamba na mali na kukabidhi fedha. Walizuiwa kuzungumza, wakawa wakiashiriana kwa mikono. Waliambiwa dunia itakwisha mwaka 1999 utakapomalizika. Mwaka ukamalizika, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi yao wakaanza kudai mali zao. Miezi miwili na nusu baadaye wakafa. Tunaomba wasikilizaji walizingatie jambo hilo: hatari ilikuwa kubwa zaidi baada ya ahadi kuvunjika na watu kuanza kuuliza.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, twaona njia ni moja. Hutangulia wema. Kisha mtu mmoja hupewa cheo asichokuwa nacho mwanadamu: ndoto zake ni amri, na kumhoji ni kumhoji Mungu. Kisha mfuasi hutengwa na mama yake, na shule, na zahanati, na jirani wa imani nyingine. Mali hutolewa. Mwisho huwekewa tarehe. Tarehe ikipita, lawama huwaangukia wafuasi. Mfuasi aliyefika hapo hana tena shamba wala ndugu wa kurudia, na hata akitaka kutoka hajui atoke aende wapi.

Wako watakaosema, "Haya ni ya wenzetu Wakristo, sisi Waislamu tumesalimika." La, hatukusalimika. Tarehe 1 Muharram 1400, sawa na 20 Novemba 1979, baada ya sala ya Alfajiri, watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakiongozwa na Juhayman al-Utaybi. Walisema mwenzao mmoja ndiye Mahdi, na hoja yao kubwa ilikuwa ndoto walizoota. Mapigano yalichukua wiki mbili, mamia wakafa, nao huyo aliyeitwa Mahdi akauawa humo humo. Mwezi wa Januari 1980 watu 63 wakanyongolewa shingo kwa upanga. Walikuwa watu wa sala na saumu, wakimwaga damu mahali ambapo hata mti haukatwi.

Wala tusiseme ni mambo ya mbali. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, alitoka kijana aliyeitwa Tomo Nyirenda. Mwaka 1925 alikwenda kwa Walala, katika Zambia ya leo, akajiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Alikuwa akiwabatiza watu mtoni na kudai kwamba maji yatamfichua mchawi. Aliowataja kuwa wachawi walizamishwa wakafa, na alipokimbilia Katanga aliendelea hivyo hivyo, hata akakamatwa na kunyongwa mwaka 1926. Angalieni alichowaahidi watu: kuondolewa wachawi. Ni nani katika wilaya yetu ya Kyela asiyejua jinsi neno hilo linavyowasha moto katika ukoo mtoto anapofariki ghafla? Mwana Lesa hakuwaletea watu hofu mpya. Aliikuta, akaitumia.

Sasa tuseme dini yetu ilivyoyaziba matundu haya. Saumu yetu ina magharibi yake. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kuunganisha saumu usiku na mchana, na walipokuja watatu, mmoja akaapa kufunga daima, wa pili kusali usiku kucha, wa tatu kutooa kabisa, aliwakemea, akawaambia kuwa yeye hufunga na hufungua, husali na hulala, na huoa. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula. Yeyote akuambiaye funga mpaka ufe, huyo hakufundishi saumu.

Tena, Ibrahim mtoto wa Mtume alipofariki, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Tufikirie mmoja wa hawa tuliowataja angelifanyaje kwa nafasi kama hiyo! Mtume (S.A.W.), akiwa na huzuni ya mwanawe, aliwaeleza watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Na iko hadithi iliyopokewa na Ali (R.A.) na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim. Mtume alituma kikosi, akamweka mtu kuwa amiri na kuwaagiza wamtii. Njiani amiri akakasirika, akaamuru wakusanye kuni na kuwasha moto, kisha akawaambia waingie ndani yake. Wengine wakakaribia kuingia. Wenzao wakasema, sisi tulimkimbilia Mtume ili tuepukane na moto, vipi tuingie motoni? Wakabishana hivyo mpaka moto ukafifia na hasira za amiri zikatulia. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau wangeingia wasingetoka, na kwamba utiifu ni katika mambo mema tu. Na amiri yule aliwekwa na Mtume mwenyewe! Itakuwaje kwa mtu aliyejiweka?

Kwa hiyo enyi wazazi, mtoto akiuliza swali la dini msimnyamazishe kwa kofi. Asipojibiwa nyumbani atajibiwa na simu. Sisi walimu wa madrasa nasi tunajilaumu, kwani kuulizwa kumekuwa kama kutukanwa. Na mkiona jirani, awe Mwislamu au Mkristo, ameuza shamba la kokoa bila kumwambia mkewe, amewatoa watoto shuleni, hataki tena kuonana na mama yake mzazi, msingoje. Mwendeeni kwa upole, mara ya kwanza na ya pili. Akikataa na watoto wamo hatarini, mwambieni mtendaji wa kata siku hiyo hiyo, pamoja na imamu au mchungaji wake.

Vijana wa barazani tumewaalika kuitazama tena filamu ile Alhamisi ijayo baada ya Isha. Safari hii tutaisimamisha kila inapotaja mwaka wa kabla ya msitu. Bibi ameahidi kuja.