Kiungulia kila wiki? Usiishie kununua vidonge tu

Kuna watu hawatoki nyumbani bila vidonge vya kiungulia. Wakila maharage, wanatafuna kimoja. Wakitaka kulala, kingine. Wameshazoea. Lakini kiungulia kinachorudi mara 2 au zaidi kwa wiki si cha kuzoea.

Kinatoka wapi?
Chakula hushuka tumboni kupitia mrija uitwao umio. Mwisho wa umio kuna msuli unaofanya kazi kama mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Ukilegea, tindikali ya tumboni hupanda juu. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga. Umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana unasikia moto kifuani na uchachu mdomoni. Unene, ujauzito, sigara na kushiba sana usiku huchangia.

Umio ukiungua kwa miaka, hupata vidonda na makovu yanayoubana. Kwa wachache, hali hiyo huishia kwenye saratani.

Anza na haya
- Ukishakula, subiri angalau saa 3 ndipo ulale.
- Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Weka matofali chini ya miguu yake. Kurundika mito hukunja tumbo tu.
- Lalia ubavu wa kushoto.
- Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi.
- Ukiandikiwa omeprazoli, imeze nusu saa kabla ya kula. Wengi huimeza moto ukishawaka, halafu wanasema dawa haifanyi kazi.

Hapa usisubiri
Nenda hospitali kama chakula kinakwama, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami. Daktari anaweza kupitisha kamera ndogo mdomoni ili auone umio wenyewe. Maumivu ya kifua yenye jasho, kukosa pumzi au yanayosambaa mkononi na tayani yanaweza kuwa ya moyo: wahi hospitali saa hiyo hiyo.

Afrika Mashariki ni kati ya maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani. Nyingi haianzi na kiungulia, ila wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Ugali ukianza kukwama, hapo si pa kuongeza vidonge. Ni pa kumwona daktari.