Maji Yanayoishia Njiani: Mto Ewaso Ng'iro na Ziwa Natron

Katika kipindi kilichopita tulisema habari za kupe, na leo nataka tuseme habari za maji. Si maji ya bomba wala ya lambo. Ni yale yanayopita mbele ya boma lako siku ya mvua kubwa, yakabeba udongo na samadi, yakatokomea. Je, umewahi kujiuliza yanakwenda wapi?

Nchi yenu ya Loliondo iko juu, mahali pengine zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mgongo wake ndio unaogawa mvua. Ile inayoanguka upande wa magharibi huingia Mto Grumeti, nao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kutoka huko Mto Nile huyachukua kupitia Uganda, Sudan Kusini na Sudan, ukalikata jangwa la Sahara mpaka Misri. Kwa hiyo tone lililoanguka karibu na zizi lako, kama halikukauka njiani, laweza kumwagilia shamba la mkulima wa Misri ambaye mvua haioni. Lakini huyo tumwache kwanza.

Upande wa mashariki habari ni nyingine kabisa. Huko maji hushuka kwenye Bonde la Ufa na bahari hayaioni kamwe. Huishia Ziwa Natron, na ziwa lile halina mlango wa kutokea. Mto mkubwa unaolilisha ni Ewaso Ng'iro. Jina lake ninyi mnalielewa kuliko mimi: mto wa maji ya rangi ya udongo. Usiuchanganye na ule Ewaso Ng'iro wa kaskazini mwa Kenya, unaopita Samburu na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Huu wetu ni wa kusini. Huanzia milima ya Mau, hupita nchi ya Narok, kisha hushuka chini ya ukuta wa Nguruman. Hapo hupokea vijito kama Entasopia na Oloibortoto, hupita kwenye kinamasi karibu na mlima Shompole, halafu huvuka mpaka na kuingia Natron kwa upande wa kaskazini.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mto unafika na maji baridi, yanayonyweka. Ziwa linayapokea na kuyageuza magadi. Sababu yake si uchawi. Natron iko chini sana, kiasi cha meta 600 tu kutoka usawa wa bahari, na kule jua ni kali. Mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, na maji yanayopaa hewani ni mengi kuliko hiyo mara nyingi. Kila mto huleta chumvi kidogo kutoka kwenye miamba ya volkano, na chemchemi za moto zilizo kando ya ziwa huleta zaidi. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Fanya hivyo maelfu ya miaka na utapata ziwa la urefu wa kilometa zaidi ya 50, lakini kina chake hakifiki hata meta 3. Nilipofika huko mara ya kwanza nilinawa uso kwa haraka kabla mwenyeji wangu hajanizuia. Macho yaliniwasha mpaka jioni.

Ungedhani mahali kama hapo hapana kiumbe. Wapo, tena wengi. Kwenye chemchemi za kando wanaishi perege wadogo waliozoea maji ya moto na magadi. Kwenye vichaka vya chini utamkuta choroa, na swala twiga, anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya migunga na ambaye aweza kukaa siku nyingi bila kunywa. Lakini mwenye ziwa hasa ni heroe, ndio wale ndege wa rangi ya waridi wanaoitwa flamingo. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia wako Afrika Mashariki, na karibu wote hao wameanguliwa Natron. Chakula chao ni mwani mdogo sana unaoota katika maji ya magadi, na rangi yao hutokana na mwani huo.

Kwa miaka mingi watu hawakujua wanataga wapi. Aliyepagundua ni mtu wa kazi yetu, afisa wa kilimo wa Kenya aliyeitwa Leslie Brown, mwaka 1954. Aliviona viota akiwa ndani ya ndege, kisha akajaribu kuvifikia kwa miguu kwenye tope. Magadi yakamuunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo siri ilipo. Heroe hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja juu yake, na tope lile la moto linalomuunguza binadamu humzuia pia fisi na mbweha. Ni boma lisilohitaji miiba.

Lakini boma hilo linategemea mto. Ewaso Ng'iro ukileta maji mengi kupita kiasi, viota vinafunikwa. Ukileta machache mno, tope linakauka na fisi anatembea mpaka kwenye yai. Mwaka 1962 Natron ilifurika na heroe wakahamia Ziwa Magadi, Kenya. Kule magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, watu wakaingia ziwani na nyundo kuwavunjia, kifaranga mmoja mmoja.

Natron iliingizwa katika orodha ya ardhioevu za kimataifa za Ramsar mwaka 2001, na ni vema. Lakini orodha haizuii mmomonyoko. Huko juu, Nguruman wanachepusha vijito kumwagilia maembe na bamia, na Kenya imekuwa na mpango wa siku nyingi wa kujenga mabwawa ya umeme kwenye mto huu. Kwetu, Wasonjo wamemwagilia mtama kwa mifereji tangu enzi za mababu, na wazee wao hugawa maji kwa zamu. Mimi siwalaumu wanaomwagilia. Ndiyo kazi ninayoifundisha. Ninachosema ni kwamba anayelima hadi ukingoni mwa kijito, au anayekata miti iliyo juu ya chemchemi, anampelekea mwenzake wa chini tope wakati wa masika na mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Acha majani na miti ukingoni. Kama ng'ombe ni wengi, chimba njia moja ya kushukia majini badala ya kubomoa kingo zote.

Haya ninayasema kwa sababu nyingine pia. Tangu Pori la Pololeti lilipotengwa mwaka 2022, kilometa za mraba 1,500, malisho ya kiangazi yamebana, na mfugaji hana budi kuangalia pande nyingine. Ukiamua kushuka bondeni, usiwapeleke ng'ombe wenye kiu moja kwa moja kandoni mwa ziwa. Ng'ombe mwenye kiu kali hachagui. Atakunywa magadi na kuharisha, na aliyedhoofika hatanyanyuka. Wanyweshe mtoni, juu kabisa ya mahali maji yanapoanza kuteleza mkononi kama sabuni. Maji ya watoto yachukue kwenye vijito vya mlimani, maana maji mengi ya bondeni yana floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Kama Oldoinyo Lengai umetoa majivu, kama ilivyokuwa mwaka 2007 na 2008, ondoa mifugo kwenye majani yaliyofunikwa.

Tena vichaka vya Nguruman vina mbung'o. Huko ndiko wataalamu na Wamasai wenyewe walikotengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, katika miaka ya 1980. Chambo chake kimojawapo ni mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, uliowekwa ndani ya chupa wazi nyuma ya mtego. Mkojo hauununui. Kitambaa shoneni kwa kuchangiana boma kwa boma, mkaitege mitego kwenye vivuli karibu na njia ya maji wiki mbili kabla ya kushusha mifugo. Anayetaka vipimo vya mtego na afike kwa Bwana Mifugo wa kata akiwa na kipande cha karatasi, naye atamchorea.